Hadubini ya elektroni kwa wanafunzi wa biolojia chuoni: maswali yanayojirudia kila muhula huku Mtwara

Haya ni maswali ambayo nimeulizwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, pamoja na walimu wenzangu wanaofundisha biolojia vyuo vya huku kusini, mengine yanarudi kila muhula kwa maneno yaleyale kabisa. Nimeanza na ya msingi nikaenda mpaka yale ya pembeni. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Hadubini ya elektroni ni nini hasa, na inatofautianaje na hizi tunazotumia kwenye praktiko?

Ni hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga. Hizi zetu za praktiko mwanga unapita kwenye lenzi za kioo, na mwanga una kikomo chake, vitu viwili vikiwa vimekaribiana chini ya nanomita 200 hivi (nanomita milioni moja ndo milimita moja) unaviona kama kimoja, ukilazimisha kukuza zaidi unapata ukungu mkubwa tu, hakuna kipya. Elektroni zina wimbi fupi mno, kwenye volti 100,000 ni kama nanomita 0.0037, kwahiyo kile kikomo kinashuka sana na hapo ndo unaanza kuona utando wa seli kuwa na tabaka, ribosomu (zile punje zinazotengeneza protini), virusi na kadhalika. Lenzi zake sio kioo, ni koili za sumaku, na ndani hewa yote inanyonywa kwasababu elektroni zikigongana na hewa zinatawanyika.

Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza ya kwanza Ujerumani mwaka 1931. Picha ya kwanza ya seli nzima ilitoka 1945, kazi ya Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam. Huwa nasisitiza huo mwaka wa 1945, kwasababu mwanafunzi anadhani ule mchoro wa seli aliokariri form five umekuwepo tangu enzi, kumbe vitu vingi kwenye ule mchoro bibi yake alikuwa ameshazaliwa wakati hakuna binadamu yeyote aliyewahi kuviona.

2. TEM na SEM, zile aina mbili kuu za hadubini ya elektroni, zinatofautianaje, na nianze kufundisha ipi?

TEM elektroni zinapenya kwenye kipande chembamba sana cha sampuli, unachopata ni kama kivuli cha ndani ya seli. SEM elektroni zinapita juu ya sampuli mstari kwa mstari na mashine inakusanya zile zinazorudi, unapata sura ya nje, yale macho ya nzi na miguu ya mbu inayoonekana kama mlima. TEM inaona vitu vidogo zaidi, nzuri zinafika chini ya nanomita 0.2, SEM za kawaida ni nanomita 1 mpaka 10 hivi.

Mimi naanza na SEM. Mwanafunzi akiona kichwa cha mbu anakitambua mwenyewe bila kuambiwa, anapata imani kwamba picha hii ni ya kitu halisi, af ndo nampeleka TEM ambako hatambui chochote mpaka ajifunze kusoma. Ukianza na TEM unamwaga mistari ya kijivu mbele ya watu mia na hamsini na nusu yao wanaandika tu majina bila kuona.

3. Mbona picha zote ni nyeusi na nyeupe, na zile za rangi mtandaoni zinatoka wapi?

Rangi ni habari ya mwanga, na hapa hakuna mwanga uliotumika. Weusi na weupe kwenye TEM unaonyesha elektroni zimezuiwa kiasi gani, penye metali nzito panakuwa peusi. Zile picha za kirusi chekundu na seli ya bluu mtu amepaka baadae kwenye kompyuta ili zivutie au ili kutofautisha sehemu, sio vibaya, ila mwanafunzi lazima ajue.

Kuna mfano naupenda sana. Mbu aina ya Aedes tunamtambua kwa madoa meupe kwenye miguu, kila mtu huku anamjua. Ukiwaonyesha mguu wake kwenye SEM wanatafuta yale madoa meupe na hawayaoni, wanaona magamba yamepangana kama makuti ya paa basi. Waache wabishane dakika kumi kabla hujajibu. Hapo ndo linawaingia kwamba hadubini kubwa zaidi haimaanishi unaona kila kitu, kuna kitu macho yako yanaona bure ambacho mashine ya mamilioni haioni.

4. Naweza kuona seli ikiwa hai inatembea?

Hapana. Sampuli iko kwenye ombwe, imekaushwa au imegandishwa, na inapigwa na elektroni. Ukitaka kuona paramisiamu, yule kiumbe wa seli moja, anaogelea tumia hadubini ya mwanga, hapo ndo inashinda.

## Chuo hakina mashine, tunafanyaje?

5. Chuo chetu hakina hadubini ya elektroni na sioni kama itakuja karibuni. Kuna maana gani kufundisha?

Hili naulizwa kuliko yote na nalijibu kwa moyo wote: maana ipo, na ni kubwa. Mashine mpya inafika mamia ya maelfu ya dola, inataka chumba kisichotikisika, umeme usioyumba, fundi wake, na hewa kavu, na sisi tuko pwani ambako hata lenzi za kawaida zinaota ukungu usipozifungia vizuri. Tukisubiri mashine, vizazi vingapi vya wanafunzi vitapita?

Ila angalia hao wanafunzi wetu wataenda wapi. Wengi watakuwa walimu wa sekondari, wengine hospitali, wengine utafiti wa kilimo pale TARI Naliendele na kwingine. Karibu wote hawatagusa TEM maisha yao yote, lakini wote watasoma picha zake, kwenye kitabu, kwenye ripoti, kwenye mtihani watakaoutunga wao wenyewe. Ujuzi wanaouhitaji ni wa kusoma picha: hii imekatwa wapi, kipimo chake ni kipi, imeandaliwaje, kinachoonekana ni cha kweli au kimeletwa na maandalizi. Huo ujuzi unafundishika kwa karatasi zilizoprintiwa, rula ya sentimita 30 na kalenda ya praktiko iliyopangwa vizuri. Nimekutana na watu waliosoma vyuo vyenye hiyo mashine wakapelekwa kuiona mara moja, wakapiga picha nayo wakarudi, na kusoma picha hawawezi.

6. Picha nzuri za bure nazipata wapi, na bando je?

Cell Image Library ina picha nyingi za kufundishia zenye maelezo, Wikimedia Commons pia zipo nyingi na leseni imeandikwa chini. OpenOrganelle unaweza kuingia ndani ya seli nzima kwa kuivinjari kwenye brauza, ni kitu cha ajabu, mara ya kwanza nilikaa nayo mpaka usiku. EMPIAR ni hazina ya data ghafi za utafiti, hiyo usiguse kwa bando la kawaida, mafungu mengine ni terabaiti nzima.

Ninavyofanya, nashusha picha 30 au 40 nilizozichagua mara moja kwa muhula, naziweka kwenye flashi na kwenye kompyuta za maabara, kwahiyo siku ya praktiko hatuhitaji intaneti hata kidogo. Programu ya kupimia inaitwa Fiji, ni ya bure, ukishaiweka kwenye laptopu inafanya kazi bila mtandao. Af printi kwenye karatasi zenye picha safi, sio fotokopi ya fotokopi, kwenye fotokopi mbaya utando unapotea na mwanafunzi anajilaumu kwamba haoni wakati kosa sio lake.

Kuna pia miradi inayokuruhusu kuendesha mashine ukiwa mbali. Bugscope ya Chuo Kikuu cha Illinois ulianza 1999, wanafunzi walikuwa wanatuma wadudu kwa posta af wanaiendesha SEM kupitia intaneti. Kama una mwenzako nje anayefanya kazi kwenye maabara yenye mashine muombe saa moja tu kwa video, yeye asogeze sampuli, wanafunzi wamwambie kulia, kushoto, kuza hapo. Saa moja ya hivyo wanaikumbuka mpaka wanahitimu.

7. Hesabu za ukuzaji wanafunzi wanakosea kila mwaka. Nafundishaje?

Wanakosea kwasababu tunawapa fomula kabla hawajapata picha kichwani ya ukubwa wenyewe. Mimi naanza nje ya darasa. Nawaambia tunakuza dunia mpaka nanomita 1 iwe milimita 1. Ribosomu inakuwa kama milimita 25, hiyo ni korosho moja, na kweli nampa kila mtu korosho moja mkononi. Unene wa utando wa seli ni milimita 7 au 8, pungufu ya upana wa kidole. Kirusi cha chikungunya kina sentimita 7, chungwa. Mitokondria, ile sehemu ya seli inayozalisha nguvu, ya urefu wa mikromita 2 ni mita 2, kitanda. Chembe nyekundu ya damu ni mita 7 mpaka 8, upana wa darasa letu, tunaipima pale uwanjani kwa kamba. Baada ya hapo mtu hawezi tena kuniandikia kwamba ribosomu ina mikromita 25, kwasababu ameshika korosho na ameona mita 25 ilivyo ndefu.

Ndo sasa hesabu. Picha ina kistari cha kipimo kimeandikwa mikromita 1, ukipima kwa rula ni milimita 25. Milimita 25 ni mikromita 25,000, gawa kwa 1, ukuzaji ni mara 25,000. Mitokondria kwenye hiyohiyo picha ina milimita 50, basi urefu wake halisi ni mikromita 2. Hatua ni hizo tu, na ya kwanza kabisa ni kuweka vyote kwenye kizio kimoja, makosa tisa kati ya kumi ninayosahihisha yako hapo.

Jambo moja walimu wengi tunapitiwa: ukuzaji ulioandikwa kwa namba, mfano x20,000, unakuwa uongo mara tu picha inapobadilishwa ukubwa. Ukiitupia kwenye projekta, ukiituma WhatsApp, ukiipunguza iingie kwenye karatasi ya mtihani, ile namba haina maana tena. Kistari cha kipimo kinakua na kupungua pamoja na picha, hicho ndo cha kuamini. Nimeshaona mtihani mzima darasa zima likikosa swali kwasababu picha ilipunguzwa wakati wa kuprinti na namba ikaachwa vilevile, inauma sana maana walikuwa wamepiga hesabu sahihi.

8. Kwanini mitokondria picha moja ni duara na nyingine ni ndefu, ni aina mbili?

Sio aina mbili, ni mkato. Kipande cha TEM kina unene wa nanomita 60 mpaka 90 hivi, seli yenye mikromita 20 ukiikata kwa nanomita 70 unapata vipande karibu 286, na wewe umeonyeshwa kimoja tu. Ni sawa na mtu ajue mkate wote kwa slesi moja.

Nunua bamia sokoni. Kata moja kwa upana, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mshazari. Kwa upana unapata nyota ya pembe tano yenye mbegu, kwa urefu unapata mistari na mbegu zimejipanga, kwa mshazari unapata kitu kimevutika ambacho ukionyeshwa chenyewe hutajua ni bamia. Chora zote tatu bila kuandika zimekatwaje, mpe kundi lingine wakisie. Af rudi kwenye picha ya mitokondria. Gharama yake hata nauli ya bodaboda haifiki na sijaona njia nyingine inayofundisha jambo hili kwa haraka hivyo, maana mwanafunzi akishaelewa mkato anaelewa pia kwanini seli nyingine kwenye picha "haina" kiini, kisu hakikupita hapo basi.

## Kuandaa sampuli

9. Sampuli inaandaliwaje mpaka kuingia kwenye mashine?

Kwa TEM: kwanza kuifanya isioze wala kubadilika, kawaida kwa glutaraldehaidi inayoshikamanisha protini, halafu osmiamu tetroksaidi inayoshika mafuta ya utando na kuupa weusi. Unaondoa maji polepole kwa ethanoli inayopanda asilimia, unaijaza resini (kama gundi ya plastiki), inapashwa joto mpaka iwe ngumu, inakatwa kwa kisu cha kioo au almasi, vipande vinaokotwa na gridi ya shaba ya upana wa milimita 3, vinapakwa chumvi za yuraniamu na risasi ili vionekane. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Kwa SEM: isiharibike, ikauke bila kujikunja, ibandikwe kwenye kishikizo, ipakwe dhahabu nyembamba sana ili umeme usijikusanye juu yake. Kitu laini kikikauka hewani kinajikunja kama embe lililoanikwa, ndo maana wanatumia kaboni dayoksaidi kwenye joto na mgandamizo maalum, inapita nyuzi 31 na inakuwa gesi bila kuvuta kuta za seli.

Hatua zote hizi mwanafunzi hatakiwi kuzikariri kama orodha. Kila hatua muulize: hapa tumeongeza nini na tumeondoa nini? Ukitoka hapo soma swali la 12.

10. Tunaweza kuandaa sampuli hapahapa Mtwara tukazituma?

Za SEM ndiyo, chagua vitu vigumu na vikavu. Mbu na wadudu waliokufa, wakiwemo wale mbu wa mikorosho, chavua ya maua ya mkorosho msimu wake, magamba ya samaki, jani lenye ubwiriunga. Hili la ubwiriunga nalipenda, mkulima anaona unga mweupe kwenye jani changa na ua, kwenye SEM ule unga ni nyuzi za ukungu na mbegu zake zimesimama, mwanafunzi ambaye baba yake anapulizia salfa kila mwaka kwa mara ya kwanza anamuona adui mwenyewe.

Vya baharini vina mambo yake. Ukichukua diatomu (mwani mdogo wa seli moja) au mwani mwingine ukakausha na maji ya bahari, unachokwenda kuona ni fuwele za chumvi tu zimefunika kila kitu. Ukiosha moja kwa moja na maji yasiyo na chumvi seli hai zinapasuka. Kwahiyo kwanza zihifadhi, ndo uoshe ukipunguza chumvi polepole. Kinyume chake ni jani la mchu, ule mti wa mikoko unaotoa chumvi kwenye majani, hapo ukiosha umefuta ushahidi wenyewe, chukua majani mawili, moja lioshwe lingine lisioshwe, ulinganishe.

Unyevu wa huku unaotesha ukungu ndani ya kopo kwa siku chache. Weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, wanafunzi wakuletee, ukivipasha moto vinakauka vinatumika tena. Andika lebo kwa penseli, wino unafutika kwenye ethanoli. Na kabla hujaokota chochote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, au kutuma chochote nje ya nchi, tafuta vibali kwanza, mwanafunzi ajifunze hilo mapema kama sehemu ya sayansi.

11. Hizo kemikali tunaweza kuzitumia kwenye maabara yetu?

Osmiamu tetroksaidi hapana. Mvuke wake unadhuru macho na mapafu, bila kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli usiifungue. Glutaraldehaidi pia inataka kabati na glavu. Kwa praktiko ya shahada ya kwanza ethanoli ya asilimia 70 inatosha kwa wadudu. Kama huna kabati usijaribu kwa kusema tutafungua madirisha, afya ya mtoto wa watu ni kubwa kuliko picha.

## Kuiamini picha

12. Kama ni picha halisi, inaweza kudanganya?

Inaweza, bila mtu yeyote kukusudia. Mfano mzuri uko kwenye vitabu vya A-level. Kuanzia miaka ya 1950 watu waliona kwenye TEM ndani ya bakteria utando umejikunjakunja kama mfuko, wakauita mesosomu, ukapewa kazi: unasaidia kugawanyika, unasaidia upumuaji, na kadhalika. Baadae walipoanza kugandisha bakteria kwa haraka sana bila zile kemikali, mesosomu hazikuonekana. Kufika miaka ya 1980 ikakubalika kwamba zilikuwa zinatengenezwa na maandalizi yenyewe. Vitabu vingine bado vinazichora na sisi bado tunazisahihisha kwa tiki.

Nawapa wanafunzi picha mbili, moja ya kemikali nyingine ya kugandisha, bila kuwaambia. Swali langu ni moja tu: ungefanya nini ili ujue ipi ni kweli? Wanaojibu "niangalie kwenye kitabu" tunaanza nao upya taratibu. Wanaojibu "niandae kwa njia tofauti nione kama kitu kinabaki", hao wameshaanza kuwa wanasayansi, na wapo wengi kuliko tunavyodhani, shida hatuwaulizi.

13. Kuna mfano wa kwetu kusini, au yote ni ya Ulaya na Marekani?

Upo, tena mkubwa, na unasikitisha kwamba wanafunzi wa Lindi na Mtwara hawausikii. Udongo wa mfinyanzi wa maeneo ya Kilwa na Lindi una mabaki ya foraminifera, viumbe vidogo vya baharini vya seli moja vyenye ganda la kalsiamu kaboneti, vya mamilioni ya miaka. Ganda linabeba kumbukumbu ya joto la bahari kupitia aina za oksijeni zilizomo. Sasa kulikuwa na fumbo: maganda yaliyotolewa kwenye sakafu ya bahari kuu yalikuwa yanasema bahari za tropiki enzi za joto zilikuwa za baridi kiasi, kitu ambacho hakikuingia akilini.

Watafiti, Paul Pearson akiwa mmoja wao, wakachukua maganda ya Tanzania wakayaweka kwenye SEM. Maganda ya bahari kuu kwa ndani yalikuwa yamejijenga upya, fuwele kubwa zimeota juu ya zile za asili, na ziliota kwenye baridi ya sakafu ya bahari kwahiyo zilibeba ujumbe wa baridi. Ya huku kwetu yalikuwa yanang'aa kama kioo, punje ndogo za asili bado zipo, kwasababu mfinyanzi uliyafunika na haukuruhusu maji kupita. Yakapimwa, yakasema bahari ilikuwa ya joto. Kazi ikachapishwa 2001 kwenye jarida la Nature, na uchimbaji ulioendelea baadae ukapata kule Pande, Kilwa, tabaka za mpaka wa Eosini na Oligosini, enzi mbili za kijiolojia, kama miaka milioni 34 iliyopita.

Angalia kilichotokea: picha ya SEM ndo iliyoamua kipimo kipi kiaminiwe. Sio pambo la ripoti. Darasani nawapa picha za ganda lililobadilika na lisilobadilika, nawauliza wewe ungepima lipi na kwanini, halafu mwishoni nawaambia hili lilitoka Kilwa. Kuna binti mmoja kwao ni Kilwa Masoko alinyamaza kabisa, af akaniuliza, "Mwalimu, yaani udongo wa kwetu?" Ndiyo, wa kwenu.

14. Na virusi? Tunaweza kutumia mfano gani?

Chikungunya. Ugonjwa ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 hapa kwenye uwanda wa Makonde, maeneo ya Newala, na M. C. Robinson na W. H. R. Lumsden wakachapisha 1955. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linatokana na kujikunja, jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Leo dunia nzima inalitamka, na kwenye maktaba za picha ukiandika hilo neno la Kimakonde unapata kirusi cha duara chenye nanomita 70 hivi.

Kwenye somo nalitumia kuunganisha mambo matatu ya juu: hadubini ya mwanga haiwezi kukiona kwasababu ya kikomo cha swali la 1, ukubwa wake ni lile chungwa la swali la 7, na picha za rangi zake zimepakwa kama swali la 3. Picha tu, sampuli ya mgonjwa hatugusi.

## Maswali ya pembeni

15. Wanafunzi wananiletea picha zilizotengenezwa na akili bandia. Nazitambuaje?

Angalia kwanza kistari cha kipimo, mara nyingi hakipo au maandishi yake hayasomeki. Halafu pima: utando ukitoka nanomita 60 kuna shida. Halafu chanzo, picha ya kweli ina sampuli, maandalizi, aina ya mashine. Sifokei mtu, namwambia aniletee picha ya kweli ya kitu hichohicho alinganishe mwenyewe aniandikie tofauti tano. Inamfundisha zaidi kuliko sifuri.

16. Nina mwanafunzi asiyeona. Namfundishaje somo la picha?

Kwa mikono. Sisi tuko kwenye nchi ya wachongaji, vinyago vya Wamakonde vinajulikana kote. Fundi akipewa mchoro mzuri anaweza kuchonga mitokondria iliyokatwa nusu, mikunjo ya ndani ikashikika, au siliamu (kinywele cha seli) iliyokatwa kwa upana yenye jozi tisa za mirija kuzunguka na mbili katikati. Mwanafunzi anahesabu kwa vidole. Mtu asiyeona akiulizwa mkato umepita wapi mara nyingi anajibu vizuri kuliko wenzake, kwasababu yeye alishika kitu kizima kwanza. Na kile kinyago wote watakitaka, kwahiyo agiza zaidi ya kimoja.

17. Mtihani ni Kiingereza. Je diskasheni tufanye Kiswahili?

Fanyeni. Fikra kwanza, istilahi baadae. Kwenye makundi naruhusu Kiswahili, hata Kimakonde na Kimwera, halafu kundi linawasilisha kwa lugha ya mtihani. Ubishi wa kweli kuhusu picha nausikia kwenye Kiswahili, "hapana bwana huu ni utando mara mbili hebu hesabu", ukiwalazimisha mapema unasikia ukimya.

18. Nitunge vipi swali la mtihani lisilo la kukariri?

Wape picha ambayo hawajawahi kuiona, ya seli ambayo hamkufundisha. Mimi mwaka mmoja nilitumia seli ya kongosho: waseme kwa ushahidi wa picha seli hii inafanya kazi gani. Mwenye kuona retikulamu (tando zilizokunjamana ndani ya seli) iliyojaa ribosomu na vifuko vyeusi upande mmoja atasema inatengeneza protini na kuitoa nje, bila kujua jina la kiungo. Toa alama kwa ushahidi, sio kwa jina. Weka pia sehemu ya "kipi hakiwezi kujulikana kutoka kwenye picha hii", na usiipe chini ya alama tano. Printi mwenyewe, pima kistari kwa rula kwenye nakala ya mwisho kabisa, kwa sababu niliyoeleza swali la 7.

19. Nina kipindi kimoja tu cha saa mbili kwa muhula mzima. Nichukue nini?

Bamia na korosho dakika 40, kupima kwenye picha zilizoprintiwa dakika 40, zilizobaki maganda ya Kilwa. TEM na SEM zinavyofanya kazi wasome nyumbani.